MaGumede Aaga Benchi la Tapu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, Bi Sikhangezile Gumede, ambaye hapa hakuna mtu anayemwita hivyo, sote humwita MaGumede, alifunga kabati lake la zana katika Karakana ya Tennick, Belmont, Bulawayo, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwa desturi, wasifu wa mstaafu huandikwa kabla ya sherehe na kusomwa siku yenyewe. Wa MaGumede uliandikwa, ukapelekwa ofisini kupitiwa, ukarudi ukiwa umefutwa katikati yote. Kilichosalia ni kwamba alizaliwa, aliajiriwa na alipenda bustani.

MaGumede hapendi bustani. Anapenda mbuzi.

Kwa hiyo kamati ya wafanyakazi imeniagiza niandike upya, na jarida hili safari hii halikupitia ofisini. Jina langu liko chini. Anayetaka kulifuta anajua mashine yangu ya kukereza ilipo, na anajua saa ninazokuwapo.

MaGumede alifika Tennick akitokea shule ya ufundi ya misheni, akiwa na cheti cha fundi wa benchi na viatu vya kuazima kwa binamu yake. Msimamizi wa enzi zile alikitazama cheti, akamtazama mwenye cheti, akasema, "Vizuri sana. Utakaa stoo." Akawekwa nyuma ya dirisha dogo la waya, kazi yake kuwapa wanaume zana asubuhi na kuzipokea jioni. Alikubali kwa kuwa alikuwa na njaa. Lakini hakunyamaza, na tangu siku hiyo karakana hii haijawahi kuwa mahali pa kimya.

Zana iliyopita mikononi mwake kuliko zote ni tapu. Kwa wasomaji wa ofisini ambao hawajawahi kuishika, tapu ni kipande cha chuma kigumu chenye meno ambacho fundi hukifunga kwenye mpini, akakizungusha kwa mkono ndani ya tundu lililotobolewa, ili kikate zile nyuzi ambazo bolti itashika. Tapu huja tatu tatu. Ya kwanza imechongoka na huanzisha njia, ya pili hukata zaidi, ya mwisho hufika hadi chini kabisa. Ni chuma kigumu lakini chepesi kukatika. Ukiipeleka upande, ukiilalia kwa uzito wako, ukisahau kuirudisha nyuma kidogo ili ivunje vumbi la chuma, ukiinyima mafuta, inakatika. Na kipande kinachobaki ndani ya tundu ni kigumu kuliko kekee yoyote utakayotaka kukitoboa nayo.

Vipande vilivyokatika vilirudi dirishani kwake kila jioni, na MaGumede akawa anavitazama. Kwa mwaka mzima alivitazama. Mwishowe alikuwa akishika kipande na kumwambia aliyekivunja alichofanya, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wafua vyuma.

"Hii uliilalia kama mto! Ulikuwa na usingizi?"

"Na wewe hii hukuipa mafuta hata tone. Kwako mnakaanga mayai kwa maji?"

Aliyevunja kuliko wote ni Vusumuzi Mlotshwa. Vusa alikuwa fundi kijana mwenye mabega ya ng'ombe dume na mdomo usiofungwa, muumini wa kanisa lile la kanzu nyeupe linalosali nje chini ya anga, mtu ambaye hata soda aliinusa kwanza, isije ikawa na kileo. Alipiga mapambio kutwa nzima na hakuna pambio alilolipatia. Alimwita MaGumede "mama mkwe", kwa sababu, alisema, hajaona mwanamke mwingine anayemgombeza hivyo bila kumpa binti.

Siku moja Vusa alifika dirishani na tapu iliyokatika, ya tatu juma hilo.

"Mama mkwe, nipe nyingine."

"Sikupi."

"Hii si stoo ya baba yako."

"Wala hiyo si tapu ya mama yako. Niambie imekatikaje."

"Imekatika tu. Chuma kibaya."

"Chuma kibaya! Mikono umeiacha kitandani, umekuja kazini na mabega peke yake, halafu chuma ndicho kibaya!"

Karakana nzima ilicheka. Vusa akaona haya, akapandisha sauti. "Basi toka humo ndani uje ufanye wewe!"

MaGumede alifungua mlango wa stoo akatoka. Aliiweka tapu ya kwanza juu ya tundu, akaipima kwa pembe ya chuma upande huu na upande ule, akatia mafuta, akazungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma, viwiko vyake vikiwa mbali na mwili kama mtu anayeendesha baiskeli. Ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Kila mara alipoitoa aligeuza chuma na kukung'uta vumbi lote. Kisha akampa Vusa bolti. Vusa aliizungusha kwa kidole kimoja, ikateremka bila kukwama mpaka ikagota chini. Akaitoa, akairudisha tena.

"Mama mkwe," akasema, "hamia hapa kando yangu kabla sijafukuzwa kazi."

Msimamizi akauliza stoo atakaa nani. MaGumede hakurudi tena dirishani.

Mengi aliyoyafanya kwenye benchi hilo mnayajua kwa sababu bado tunayatumia. Yeye ndiye aliyetengeneza vile vipande vya chuma tunavyoviita askari: kipande kinene chenye tundu lililonyooka sawasawa, unakiweka juu ya kazi yako, unapitisha tapu katikati yake, nayo inasimama wima itake isitake. Alitengeneza askari kwa kila ukubwa wa bolti tunaoutumia, kutokana na mabaki aliyookota chini ya mashine yangu. Kila fundi anayejiita fundi humu ana askari wake mfukoni. Wengine wamezikwa nao.

Nisimpambe kupita kiasi. MaGumede alikuwa mtu mgumu. Aligombeza mtu asiyehusika, akigundua kosa lake alimgombeza tena kwa kutojitetea. Alirusha kikombe cha chai kikaipata kalenda. Aliwahi kumnunia Vusa kuanzia msimu wa mvua hadi msimu wa baridi kwa sababu aliazima tapu yake ya mwisho akaitumia kuchokonoa saruji. Walikula chakula cha mchana benchi moja muda wote huo, ugali wa sahani moja na viwavi vya mti wa mopane vilivyokaangwa na nyanya, bila kusemezana. Akitaka chumvi alituambia sisi wengine tumwambie yule mchungaji asogeze chumvi, na Vusa alikuwa umbali wa kiwiko.

Hapa ndipo kalamu ya ofisini ilipoanzia kazi. Nami naomba msomaji asiruke.

Tennick ilipouzwa, walioinunua walituletea meneja, Bwana Luphahla, ambaye leo ni mkurugenzi. Mwaka ule wa pili wake, karakana ilipata kazi ya kutengeneza winchi za machimbo madogo ya dhahabu, zile za kuvuta ndoo za mawe, na watu pia, kutoka shimoni. Fremu ya winchi ilishikwa na bolti zinazoingia kwenye chuma kinene, katika matundu yasiyotokeza upande wa pili. Tundu la namna hiyo linataka tapu zote tatu, na linataka muda. Ukiishia kwenye tapu ya kwanza, nyuzi zinakamilika juu tu, huko chini hakuna kitu.

Bwana Luphahla alisimama mbele ya benchi akiwa na saa mkononi. Akaamuru tapu ya kwanza tu.

MaGumede alimwambia bolti haitaingia yote.

"Ikateni iwe fupi," akasema Luphahla. "Kichwa kikikaa vizuri, tukipaka rangi, nani atafungua kuangalia?"

Nilikuwa hatua chache tu nyuma yao. Mashine yangu ilikuwa imezimwa. Nilisikia kila neno, na wenzangu walisikia, na wote tuko hai.

"Shimoni wanashuka watu," akasema MaGumede.

"Mama, mimi nauza winchi. Watu wanashushwa na wenye machimbo."

Basi mwanamke yule alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia tena. Alimwita majina ambayo mhariri wa jarida hili amekataa kuyachapa. Alizibeba tapu zake, za kwake mwenyewe alizonunua kwa jasho lake, akazifungia kabatini, akasema mikono yake haitakata tundu la namna hiyo hata ikibidi afe kwa njaa. Vusa naye aliweka mpini chini. Bwana Luphahla hakubishana. Alimpeleka MaGumede akapige rangi mageti, Vusa akampeleka kazi za nje za kufunga mashine kwa wateja, na benchi akalijaza vibarua waliochukuliwa getini, ambao hawakuwa na namna ya kukataa.

Winchi zikatoka, nzuri, za kijani, ziking'aa.

Mojawapo Vusa alitumwa akaifunge kwenye mgodi mdogo upande wa Gwanda. Aliifunga, akaijaribu kwa ndoo ya mawe kama inavyotakiwa. Ndoo ilipofika katikati ya shimo, bolti ziling'oka zote kwa pamoja, zikatoka kama meno ya mtoto. Fremu iliruka ikambana mkono wa kushoto kwenye nguzo. Wachimbaji walimchomoa wakampakia kwenye gari la mchanga. Madaktari walifanya walichoweza, na walichoweza ni kuukata mkono juu ya kiwiko.

Jumatatu yake Bwana Luphahla alituita uwanjani. Tulidhani anatuita kwa maombi. Alisema kampuni inasikitika. Alisema uchunguzi umekamilika, ingawa hakuna mtu aliyetoka hapa kwenda kuitazama ile winchi. Alisema fundi alikuwa amelewa, akakaza bolti kupita kiasi, akaharibu nyuzi.

Vusa, amelewa! Mtu aliyekuwa akinusa soda!

Hasira niliyoipata asubuhi ile sijaimaliza hadi leo, na sina nia ya kuimaliza. Kupoteza mkono ni jambo moja. Lakini lile neno lilitembea. Lilifika kanisani kwake, na wazee wa kanisa wakamwita ajieleze, mtu mwenye kidonda kibichi, amesimama na kanzu yake nyeupe yenye mkono mmoja mtupu, anaulizwa alikunywa nini. Lilifika shuleni kwa watoto wake. Watu wakaacha kumwita Vusa, wakamwita Chupa. Akaacha kuimba.

MaGumede alikwenda kumwona kwake, mtaa wa Pumula. Nilikwenda naye. Vusa alikuwa amekaa uani, uso ameelekeza ukutani.

"Mama mkwe," alisema bila kugeuka, "nilizikaza sawa."

"Najua ulizikaza sawa."

"Ziko nyingine. Zile za kijani. Ziko nyingine nje huko na watu wananing'inia."

MaGumede alikuwa amekwisha kuinuka. Tulipofika barabarani aliniuliza kama dereva wa lori letu anakumbuka alikozipeleka.

Dereva alikumbuka. Na hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, MaGumede alipanda basi la asubuhi na begi la turubai lenye tapu zake, askari wake, kekee ya mkono, bolti nene kidogo kuliko zile za mwanzo, na chupa ya mafuta. Nilimfuata kwa kuwa begi lilikuwa zito, na kwa kuwa niliogopa atamuua mtu.

Kule Filabusi msimamizi wa machimbo alitupokea kwa kicheko. Alikuwa mtu mnene, amevaa kofia ya ngozi.

"Yaani mama, umetoka mjini na mkoba kama muuza nyanya, nikufungulie winchi yangu mpya?"

"Fungua bolti moja tu," akasema MaGumede. "Moja. Ikiwa ndefu kupita kidole chako cha gumba, nitakufulia nguo zako leo, na za hawa wote."

Wachimbaji walishangilia, wakaanza kuvua mashati. Msimamizi akachukua spana. Bolti ilitoka baada ya mizunguko michache tu. Akaitazama kiganjani. Ilikuwa kisiki. Kichwa kikubwa, mguu hakuna, na msumeno ulikuwa umeacha alama pale ulipokatiwa.

Kicheko kilikatika. Jamaa yule alitembea hadi mdomoni mwa shimo akachungulia chini. Ndugu yake alikuwa ameshushwa na winchi ile asubuhi hiyohiyo.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Sisi," akasema MaGumede. "Tennick. Nipishe nifanye kazi."

Namna alivyofanya kazi siku hizo ndiyo ningependa kila kijana wa karakana hii aione. Alikuwa amekasirika hadi midomo inatetemeka, lakini mikono haikuwa na habari. Alitoboa upya, tundu kubwa zaidi na la kina zaidi, ili aondoe nyuzi zile za uongo na kupata chuma kizima. Akaweka askari. Akatia mafuta. Nusu mbele, robo nyuma. Tapu ya kwanza, akakung'uta. Ya pili, akakung'uta. Ya mwisho. Kisha bolti ndefu, kwa kidole, mpaka chini. Jua lilikuwa linachoma na jasho lilimdondoka puani, hakulifuta. Tundu moja, lingine, lingine. Matusi aliyokuwa nayo yote aliyasema wakati akikunja zana, kabla ya hapo hapana.

Mahali pamoja, Esigodini, mwenye mgodi alikataa. Alisema winchi yake ina kibali na sisi ni wahujumu, akatuachia mbwa. MaGumede aliondoka getini, akazunguka hadi kwenye njia ambayo wachimbaji hupita kwenda zamu, akamsimamisha mmoja mmoja na kumwonyesha kisiki cha Filabusi. "Hiki ndicho kinachokushika." Alisema hivyo tu. Siku hiyo hakuna aliyeshuka. Kufikia adhuhuri mwenye mgodi mwenyewe alikuja na gari kututafuta, akatubebea begi.

Winchi zote zilifikiwa. Nasema zote. Hakuna mtu mwingine aliyeumia, na hilo halikufanywa na kampuni, halikufanywa na mkaguzi, lilifanywa na mwanamke mmoja na tapu tatu.

Malipo yake yalikuwa kusimamishwa kazi. Bwana Luphahla alipopata habari alisema amelichafua jina la Tennick, akamtoa getini mbele ya walinzi wawili. Asubuhi iliyofuata nilifika nikawasha taa, sikuwasha mashine. Jirani yangu hakuwasha yake. Wafua vyuma walikaa juu ya vyuma vyao. Hakuna aliyepanga, naapa. Tulikaa tu, tukinywa chai, siku baada ya siku, wakati Bwana Luphahla akizunguka na saa yake. Wateja walianza kupiga simu. Msimamizi wa Filabusi, yule wa kofia ya ngozi, alifika na gari la wachimbaji akaegesha mbele ya ofisi, akasema hataki kuzungumza na mtu, anataka kumwona yule mama wa begi. Wenye kampuni wakamrudisha MaGumede kazini, kwenye benchi lake, kimyakimya, pasipo neno la pole.

Na habari ya Vusa waliiacha palepale. Amelewa. Ndivyo ilivyobaki miaka yote hii, huku Bwana Luphahla akipanda kutoka meneja hadi mkurugenzi.

Sasa niwasimulie sherehe, kwa ajili ya zamu ya jioni ambao hawakuwapo.

Ukumbi wa kantini ulipambwa. Kulikuwa na nyama ya kuchoma, ugali na mboga za majani, na mbele, imefungwa utepe mwekundu, friji kubwa nyeupe. MaGumede alikuja na gauni la bluu, na ameshika kiwiko cha Vusa, ambaye hakualikwa. Alimkalisha mstari wa mbele. Vusa amekuwa mzee kabla yetu wote. Mkono wa shati ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Bwana Luphahla alihutubia. Akamwita MaGumede mama yetu, nguzo yetu, nuru ya benchi. Akasema Tennick ni familia. Akamkabidhi friji. Tukapiga makofi, kwa kuwa friji ni friji. Kisha MaGumede akapewa kipaza sauti ashukuru.

"Friji nimeiona," alisema. "Ni nzuri. Sasa, Bwana Luphahla, sema habari ya Vusa."

Mkurugenzi alitabasamu. "Mama, leo ni siku ya furaha."

"Ndiyo. Nifurahishe. Alikuwa amelewa?"

"Hayo ni mambo ya zamani, mama. Tusiharibu chakula cha watu."

"Chakula kitangoja. Mimi nimengoja. Alikuwa amelewa?"

Mtu wa ofisini alijaribu kumpokonya kipaza sauti, akatazamwa, akarudi kukaa. Mafuta ya nyama yaliganda kwenye sahani, ilikuwa baridi siku ile, na hakuna aliyenyoosha mkono. Bwana Luphahla alitazama mlango. Mlangoni walikuwa wamesimama wafua vyuma, wamekunja mikono. Hawakumzuia. Walisimama tu.

Ndipo Vusa akainuka, taratibu. "Baba," alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kelele zote za MaGumede, "mwanangu wa mwisho anaoa mwezi wa nane. Wakwe wameuliza kuhusu baba wa bwana harusi. Uniambie niwajibu nini."

Sijui kama mkurugenzi aliona haya au alichoka. Aliinama akaongea chini chini, lakini MaGumede alikuwa amemsogezea kipaza sauti mdomoni, na tulisikia wote hadi jikoni.

"Hakuwa amelewa."

"Rudia," akasema MaGumede.

"Vusumuzi Mlotshwa hakuwa amelewa."

Wanawake wa kantini walipiga vigelegele. Vusa aliketi, akaziba uso kwa kiganja chake kimoja, mabega yale yakatikisika. MaGumede hakutabasamu. Alikuwa bado amekishika kipaza sauti.

"Na yale matundu," aliuliza, "nani aliyeamuru yakatwe nusu?"

Bwana Luphahla aliweka kikombe chake juu ya friji, akatoka kwa mlango wa jikoni. Hajajibu.

Mtu atasema tushukuru kwa tulichopata. Nimeshukuru. Lakini mtu alipewa jina la ulevi mbele ya karakana nzima, akarudishiwa jina lake kwa kunong'ona, na aliyelichukua bado ana ofisi yenye zulia. Winchi moja ilimpotezea mtu mkono kwa sababu ya amri, si kwa sababu ya bahati. Kamati imekwisha kuamua: swali la pili litaulizwa kila mkutano, likiwa la kwanza kwenye ajenda, mpaka lijibiwe kwa sauti ya kawaida.

Friji imekwenda Pumula, kwa Vusa, kwa ajili ya harusi. MaGumede anahamia kwao Matobo, ambako mbuzi wake tayari wameanza kusikia kelele zake. Askari wake ametuachia benchini. Tapu ameondoka nazo, na mlinzi wa geti, alipotaka kukagua begi, alitazama uso wa mwenye begi akafungua geti lote.

MaGumede, asante. Asante kwa kila tundu lililonyooka, na kwa kila tusi tulilostahili, na hata yale tusiyostahili. Asante kwa watu wa Filabusi na Gwanda na Esigodini ambao jioni hii wamepanda juu salama na hawajui jina lako. Lala mpaka jua likuguse usoni. Ule vizuri, wajukuu wakusumbue, magoti yasikuume. Hasira yako tuachie sisi. Tuna kazi nayo.

Mthunzi Sibindi
Fundi wa mashine ya kukereza, kwa niaba ya kamati ya wafanyakazi